Mbwa wa Bluu na Kiti cha Kando ya Jiko

Katika kibanda cha wawindaji wa Lasbourdettes, kijiji cha Gascogne kusini-magharibi mwa Ufaransa, kuna meza moja ndefu. Upande wa ndani kuna jiko la kuni, na upande wa pili kuna mlango usiofunga sawasawa. Wenye mbwa hukaa upande wa jiko. Wasio na mbwa hukaa mlangoni, migongo ikipigwa na upepo, na chakula kikiisha ndio huosha vyombo. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo wala aliyewahi kuivunja. Firmin Castéra, fundi paa mstaafu, alikuwa amekaa mlangoni tangu enzi alizokuwa na nywele.

Majira ya baridi yaliyopita shingo yake ilikakamaa upande wa kushoto, ule wa mlango. Daktari alimpapasa, akamuuliza kama analala vibaya.

"Nalala vizuri," Firmin akasema. "Nakula vibaya."

Jioni ileile alimwambia mkewe, Ghislaine, kwamba ameamua kutafuta mbwa. Ghislaine alikuwa akimenya vitunguu saumu na hakuinua macho.

"Mbwa gani?"

"Wa bluu. Bluu Mkubwa wa Gascogne."

"Wale wanaolia kama mtu aliyefiwa?"

"Hao hao."

"Kwa nini usinunue mto wa shingo?"

Lakini hakuna mto uliowahi kumhamisha mtu kutoka mlangoni kwenda kando ya jiko, na mbwa wa aina nyingine asingemsaidia. Aliwahi kutokea mtu aliyeleta mbwa wa kutoka kaskazini, mwepesi, kimya kama mwizi, na mbwa huyo alimpata nguruwe mwitu kila Jumapili. Watu walimweka mwenye mbwa katikati ya meza, wakawa wanamsemesha kwa upole kama mgonjwa, mpaka akahama. Huko Gascogne watu huwinda kwa masikio. Kila mmoja husimama kituoni pake ukingoni mwa msitu, bunduki mkononi, asione kitu, na raha yake yote ni kusikiliza mbwa wanavyoimba bondeni. Mzee ataegemea mti na kusema, huyo ni wa Barthe, kashika harufu ya jana. Yule ni wa Sempé, anadanganya kama mwenyewe. Nguruwe akikosekana lakini mbwa wakaimba vizuri, watu hurudi wakiwa na furaha, na uimbaji huo husimuliwa mezani mpaka jibini liletwe.

Kwa hiyo Firmin alimpigia simu Bi Raymonde Duffau, ambaye mbwa wake wa bluu walijulikana kotekote, na ambaye ilisemekana hauzi.

"Una nini?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Nataka mbwa, Bi Raymonde."

"Sijauliza unataka nini. Nimeuliza una nini."

Firmin akafikiri. "Nina nyumba. Nina bustani. Nina mke."

"Njoo Alhamisi. Usile kwanza."

Alimkuta getini, mwanamke mrefu mwenye umri usiosomeka, amevaa buti za mpira na mkufu wa lulu. Nyuma yake walisimama mbwa kumi hivi, wakubwa kama ndama, wakimtazama Firmin kwa huzuni. Ngozi yao ilikuwa nyeupe iliyonyunyiziwa madoa meusi madogo mno, kama mtu amepepeta masizi juu ya unga, na kwa mbali weusi na weupe huo uligeuka bluu kabisa. Masikio yalining'inia hadi shingoni. Juu ya kila jicho palikuwa na doa la kahawia, hivyo hata mbwa aliyefumba macho alionekana bado anakuangalia.

"Wana nini?" Firmin akauliza. "Mbona wana huzuni?"

"Hawana huzuni. Ndivyo nyuso zao zilivyo. Wewe pia una uso kama mtu aliyepoteza funguo, na sijakuuliza."

Akamwingiza ndani, akamwekea bakuli la supu ya kabichi na maharage yenye paja la bata. Firmin alikula. Alipobakiza mchuzi kidogo, alichukua chupa ya mvinyo mwekundu, akaumimina humo, akazungusha bakuli, akalinyanyua kwa mikono miwili na kunywa, kama wafanyavyo wazee wa Gascogne. Bi Raymonde, aliyekuwa akimwangalia tangu kijiko cha kwanza, akaketi.

"Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja kutoka Toulouse. Aliacha mchuzi. Nilimrudishia koti lake."

Kisha akaanza maswali.

"Majirani zako wako mbali kiasi gani?"

"Wa karibu yuko ng'ambo ya barabara."

"Masikio yake?"

"Kiziwi."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine. Ni mke wangu tu."

"Na yeye je, masikio yake?"

"Yanafanya kazi anapotaka."

"Hilo linatosha. Unajua mbwa huyu ni mvivu?"

"Nimesikia ni mtaratibu."

"Ni mvivu. Ana pua ya kunusa alikopita sungura juzi, na atamfuata huyo sungura wa juzi kwa hatua za mtu anayekwenda benki. Hatakukimbilia. Hatakuletea kitu. Atakula kuliko wewe. Kitu pekee atakachokupa ni sauti. Kwa hiyo inuka."

Akamsimamisha Firmin nyuma ya ukuta wa ghala, akamfunga macho kwa kitambaa cha jikoni kilichonuka vitunguu. Mtu akichagua kwa macho, alieleza, huchukua mwenye masikio marefu, na masikio yote ni marefu. Akaenda upande wa pili na ngozi kuukuu ya nguruwe mwitu, akawa anaikung'uta mbele ya mbwa mmoja mmoja.

Wa kwanza alilia kama geti lenye kutu. Wa pili alikuwa na sauti nene, ya padri mwenye mafua. Wa tatu alianza vizuri, akakohoa, akaacha. Firmin alisikiliza kwa adabu, kitambaa usoni, akijisikia mjinga. Kisha yule wa nne akapaza sauti, na sauti hiyo ilianzia chini, ikapanda polepole, ikakaa juu muda mrefu bila kutetemeka, halafu ikakatika ghafla kama mlango unaofungwa. Machozi yakamtoka Firmin. Papo hapo akashikwa na njaa, yeye aliyetoka kumaliza bakuli zima la supu, njaa ya kitoto ya kukunja tumbo.

"Huyo," akasema.

"Kwa nini huyo?" Bi Raymonde akauliza kutoka upande wa pili.

"Sijui. Nina njaa."

Hilo halikuwa limewahi kusemwa hapo. "Anaitwa Tisane," Bi Raymonde akasema hatimaye, na Firmin akaona ajabu kwamba kiumbe chenye sauti ile kimepewa jina la chai ya majani wanayonyweshwa wagonjwa. Lakini mbwa wa ukoo hupewa majina kwa herufi ya mwaka waliozaliwa, mwaka wa mbwa huyo ulikuwa wa T, na katika uzao mmoja majina mazuri huisha upesi.

Hakuondoka naye. Jumapili iliyofuata Bi Raymonde alikuja mwenyewe Lasbourdettes, lulu shingoni, akamwachia Tisane mlangoni mwa Firmin. Mbwa akaingia kwa hatua za mtu anayekwenda benki. Akanusa jiko, akanusa viatu, akapanda ngazi. Walipomfuata walimkuta amelala kitandani, upande wa Ghislaine, kichwa kwenye mto.

"Nyumba ameikubali," Bi Raymonde akasema. "Mume bado anamfikiria."

"Na mimi nalala wapi?" Ghislaine akauliza.

"Hilo mtaelewana wenyewe."

Bei aliitaja mwishoni kabisa, kwa haraka, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Ndivyo Tisane alivyokuja. Kila alfajiri alitoka bustanini, akanusa alikopita kalunguyeye wa usiku, akainua kichwa na kupaza ile sauti. Kila alipoipaza, Firmin alishuka jikoni na kukata mkate. Akipaza saa nne, Firmin alikata mkate na soseji. Hakuelewa, wala hakujali. Alianza kutembea na kipande cha mkate mfukoni ili asiaibike mbele za watu.

"Tangu huyu mbwa aje unakula mara tano," Ghislaine alimwambia. "Shati hili lilikuwa linakutosha wakati wa Pasaka."

"Ni hewa ya nje."

"Hewa ya nje haina mafuta ya bata."

Msimu ulipofunguliwa, wanaume ishirini wa Lasbourdettes walikusanyika mbele ya kibanda, wamevaa vizibao vya rangi ya machungwa. Gontran Daubas, mfugaji wa bata na mkuu wa msako, alisimama juu ya kreti kusema yale anayosema kila mwaka: bunduki ielekezwe wapi, nani akae wapi, na kwamba mtu haachi kituo chake, wala mwenye mbwa hatoki msituni kwenda nyumbani, mpaka pembe ya kumaliza msako ilie. Anayeacha kituo, hata kwa kwenda haja, atakaa mlangoni na kuosha vyombo, awe na mbwa au asiwe naye. Gontran hakuwa mtu wa mzaha katika jambo hilo. Alikwishamwoshesha vyombo shemeji yake mwenyewe.

Kisha akamwona Tisane, akazunguka kumtazama.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, mkuu."

"Mzuri. Ana sauti?"

"Utasikia."

"Mbwa mpya hujithibitisha kwanza. Akiwa wa kwanza kumpigia nguruwe kelele leo," Gontran akasema, "mchana unakaa kando ya jiko. Akinyamaza, unajua sifongo iko wapi."

"Naijua kuliko mke wangu anavyonijua mimi," Firmin akasema, na Loulou Sempé, muuza nyama, akacheka mpaka akainama.

Msako ulianza, mbwa wa wengine wakiachiwa upande wa mbali wa msitu. Firmin aliingia kichakani na Tisane, mwendo wa polepole, pua ya mbwa ikisoma ardhi kama mhasibu. Haukupita muda mrefu, penye miiba mikubwa, Tisane akasimama. Masikio yakapanda kidogo. Ndani ya miiba kitu kizito kikapumua. Tisane akainua kichwa, akaita.

Sauti ilianzia chini, ikapanda, ikakaa juu ya bonde zima, ikakatika. Akaita tena. Firmin alisikia ile njaa, akatoa mkate mfukoni, akautafuna wote, akabaki alipo. Nguruwe dume la kutisha lilitoka miibani, likapita mbele yake na kuteremka moja kwa moja kuelekea mstari wa bunduki. Firmin akasubiri mlio wa risasi, akijiona tayari amekaa kando ya jiko.

Hakuna risasi iliyolia.

Alisubiri. Kisha akapanda kilimani kuangalia. Chini yake vizibao vya machungwa vilikuwa vinatoka msituni kila upande, vimoja vimoja, vikikata mashamba bila haraka, vyote vikielekea kwenye nyumba moja juu ya kilima cha pili, iliyofungwa madirisha siku nyingi. Nguruwe alipita katikati yao kama mtu anayevuka soko. Hakuna aliyegeuka.

Firmin alipofika uani pa nyumba ile, mbwa nyuma yake, aliwakuta wote wamepanga foleni kwenye pampu. Bunduki zilikuwa zimetolewa risasi na kuegemezwa ukutani. Walikuwa wananawa mikono. Gontran alikwisha kunawa. Alisimama mbele ya mlango uliofungwa, kofia mkononi, nywele kazilaza kwa maji.

"Jamani," Loulou Sempé akasema, maji yakimtiririka viwikoni, "mbona tuko hapa?"

Gontran aliendelea kuutazama mlango.

"Tumeitwa," Gontran akasema.

Ndipo Firmin naye akajua aliisikia wapi sauti ile. Nyumba ilikuwa ya marehemu Mama Ursuline, mama yake Gontran. Wanaume wote hawa, walipokuwa watoto, walicheza katika mashamba yake, na saa sita mchana alikuwa akisimama mlangoni hapo, mikono kiunoni, akiwaita mezani kwa sauti iliyovuka mabonde mawili. Hakuita majina. Mtoto yeyote aliyesikia alikuja, akanawa, akala, awe wake au wa jirani. Ambaye hakuja alifuatwa na mwiko. Wengine waliendelea kuja hata walipooa.

Wakati wanaume wanatazamana, Tisane akanusa kizingiti, akaketi, akaita tena, akiwa hatua mbili tu kutoka kwa Gontran. Mzee mmoja nyuma ya foleni akajipangusa mikono haraka kwenye suruali.

"Mtoe huyo," Gontran akasema, bila kugeuka.

Kibandani hakuna aliyekaa. Gontran alisimama kichwani mwa meza, uso umemwiva.

"Mbwa huyo harudi msituni. Siwezi kuwinda nikiitwa na mama yangu."

"Lakini alikuwa wa kwanza kupiga kelele," Firmin akasema. "Ulisema mwenyewe. Kiti changu kiko pale."

"Kiti gani? Nguruwe ameenda zake."

"Nguruwe amewapitia ninyi. Mbwa kamtoa miibani, kamleta mpaka puani penu. Mlikuwa wapi?"

Mtu akakohoa.

"Mkuu," Loulou Sempé akasema taratibu, akionekana kujuta tayari, "kuna jambo. Pembe ililia?"

"Haikulia."

"Tuliacha vituo?"

Gontran akamtazama. Akawatazama wote. Midomo yake ikasogea, kama anayetafuta sheria nyingine nyuma ya ile ya kwanza. Hakuipata.

"Tuliacha," akasema.

Akachukua sahani yake, akaenda kukaa mlangoni. Wengine wakamfuata. Wanaume kumi na tisa walibanana mwisho wa meza, bega kwa bega, wengine nusu tako hewani, upepo ukiwapiga. Upande wa jiko, kwenye mita nyingi za ubao mtupu, alikaa Firmin Castéra peke yake.

Ilikuwa joto kweli. Shingo yake ikalegea. Alinyoosha miguu, akaegemea, akajisikia mtu. Tatizo lilikuwa kwamba sufuria ya supu ya bata huanzia walipo watu. Ilizungushwa mlangoni, kila mmoja akachota, wengine wakachota mara mbili kwa huzuni, na ilipomfikia Firmin kwa kusukumwa juu ya meza, ilikuwa na majani mawili ya kabichi na mfupa.

"Mmeniachia nini?" akauliza.

"Unasemaje?" wakauliza kutoka mbali.

"Chakula."

"Kitamu, ndiyo. Asante."

Hakuinuka. Kiti hicho alikisubiri muda mrefu mno kuweza kukiacha kwa ajili ya bata.

Wakati wa jibini Gontran alitoka nje. Kupitia dirisha Firmin alimwona akiliendea gari la Firmin, akisimama mbele ya wavu wa nyuma, akiongea na Tisane aliyefungiwa humo. Aliongea kirefu, mikono ikieleza kitu, kama mwana anayejitetea. Tisane alimsikiliza kwa uso wake wa siku zote, ambao mtu anaweza kuusoma anavyotaka. Gontran aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Anabaki," akasema. "Ila kuanzia leo tunakula kwanza, ndipo tunawinda. Mtu aliyeshiba hana sababu ya kuondoka."

Ilionekana ni sheria yenye akili. Vyombo vikaoshwa vibaya, na mikono mingi, na mchana wakarudi msituni, wazito, wakipiga mbweu, kila mmoja kituoni pake. Firmin akaingia kichakani. Tisane akanusa, akasimama, akaita.

Kutoka kituo cha kwanza, kule kwenye misunobari, sauti ya Gontran ikajibu, "Tumekula, Mama."

"Tumekula," akasema Loulou Sempé kutoka kwenye daraja.

"Tumekula, Mama, tumeshiba," wakasema kando ya mto, na nyuma ya shamba la alizeti, na juu kwenye makaburi, mmoja baada ya mwingine, mpaka msitu mzima ukawa umezungukwa na wanaume wenye nywele nyeupe wanaotoa taarifa. Kila nguruwe wa Lasbourdettes alikimbilia kata ya jirani.

Hakuna aliyeacha kituo. Tisane akashusha kichwa, akageuka, akamtazama Firmin, ambaye hakuwa amejibu.

Firmin alijipapasa mfukoni. Mkate aliumaliza asubuhi. Alifikiria jiko lile, na kuni zinavyopasuka, na shingo yake. Pembe ilikuwa bado sana kulia. Tisane akaita tena, kwa ukali kidogo.

"Nakuja," Firmin akasema. Akamfunga kamba, wakashuka pamoja kwenda nyumbani kwa Ghislaine, akijua vizuri Jumapili ijayo atakaa wapi.